Shajara ya mradi: umri, damu na methilesheni ya DNA kwa data za bure

Jumatatu

Haya, nimeanza rasmi. Swali la mradi ni moja na naliweka hapa juu kabisa ili baadae nisijifanye nilikuwa natafuta kitu kingine: kwenye damu, mabadiliko ya methilesheni yanayoonekana mtu anavozeeka, yapi yanatokea kweli ndani ya seli zenyewe na yapi ni mchanganyiko wa seli tu umebadilika? Sina maabara, sina sampuli hata moja, sina hela ya chipu ya kupimia methilesheni. Nna laptopu, nna R (programu ya takwimu), na kuna data ambazo watu walishapima wakaziweka wazi. Inatosha.

Kwa anayepita hapa bila kuijua hii kitu, methilesheni ni pale kikundi kidogo cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni 3, kinapobandikwa kwenye herufi C ya DNA, na kwa binadamu mara nyingi sana ni C iliyofuatwa na G, ndo inaitwa CpG. Jenomu ya mtu ina CpG kama milioni 28 hivi na nyingi zake, asilimia 70 hadi 80, zimebandikwa. Herufi hazibadiliki, mfuatano ni ule ule, ila jeni inaweza kuzimwa au kuachwa wazi kutegemea mabandiko yaliyopo pale inapoanzia kusomwa. DNMT3A na DNMT3B ndo wabandikaji wapya, DNMT1 ananakili mabandiko seli ikigawanyika, alafu kuna familia ya TET inayoanzisha kazi ya kuyatoa. Biolojia naiachia hapo, mengine yatakuja yakihitajika.

Na kabla mtu hajaniambia data za watu ni za kufanyia mazoezi tu: saa ya umri ya Steve Horvath ya 2013, yaani hesabu inayokadiria umri wa mtu kwa methilesheni, ile ya CpG 353, ilitengenezwa kwa kuunganisha seti 82 za data, sampuli karibu 8,000 za tishu na aina za seli 51, na sehemu kubwa zilikuwa zimekaa tu kwenye hifadhi za umma zinamsubiri mtu. Ilibidi abaki na CpG 21,369 zilizokuwepo kwenye chipu zote mbili za wakati ule, yaani hata yeye alifanya kazi na kilichopo.

Jumanne

Kutwa nzima GEO. Hii ni hifadhi ya NCBI ya Marekani, ipo tangu 2000, jina lake ni la data za jeni zinavofanya kazi ila methilesheni nayo imejaa humo. Vifupi vitatu ukivielewa ugeni umeisha nusu: GSE ni mradi mzima, GSM ni sampuli moja, GPL ni aina ya kipimo. Mi natafuta kwa GPL sio kwa maneno, sababu kila mtu anaelezea mradi wake anavotaka lakini namba ya chipu haina mbwembwe. GPL13534 ni chipu ya 450K ya kampuni ya Illumina iliyotoka 2011, GPL21145 ni EPIC inayoitwa 850K, GPL8490 ni ya zamani yenye CpG 27,578 tu.

Nimeamua nibaki na 450K maana ndo yenye seti nyingi za damu zenye umri ulioandikwa. Ina vipimo 485,577, kati ya hivyo 482,421 ni CpG, 3,091 ni C zilizo nje ya CpG, na 65 sio za methilesheni kabisa, hizo 65 nitazirudia kwa sababu ni dhahabu. Ukigawa kwa milioni 28 unaona tunachungulia chini ya asilimia 2 ya CpG zote. Watu wanasahau hili wanaandika "jenomu nzima" kwenye kichwa cha habari.

Mbona nisitumie data za kusoma jenomu nzima kweli? Zipo. DNA inapitishwa kwenye kemikali ya baisalfaiti, C isiyo na methili inageuka U na mashine inaisoma kama T, yenye methili inabaki C, alafu unasoma kila kitu. Tatizo sampuli ni chache sababu ya gharama, na faili ghafi zinabeba jenetiki yote ya mtu kwahiyo nyingi za binadamu zimefungiwa dbGaP au EGA, hifadhi zinazotaka kibali, unaandika maombi unasubiri. Chipu inatumia baisalfaiti ile ile, tofauti ni kwamba inaangalia sehemu zilizochaguliwa mapema. Na zote mbili zina upofu mmoja: methili ya kawaida na ile iliyoanza kuondolewa na TET, yenye haidroksi, zinasomeka sawa. Kwenye damu hainisumbui sana, ingekuwa ubongo ningejiuliza mara mbili kwa sababu kule hiyo ya pili ni nyingi.

Seti nilizochagua: GSE40279 yenye watu 656 wa miaka 19 hadi 101, hii ndo iliyozaa saa ya Hannum ya 2013. GSE87571, watu zaidi ya 700 wa kuanzia miaka 14 hadi 94, hii ya kurudia matokeo. Na GSE42861, watu 689, nusu hivi wana baridi yabisi na nusu hawana, tena hii wameandika na hali ya uvutaji sigara. Hii ya tatu haiko kwenye swali la umri moja kwa moja ila nina sababu yangu, itaonekana.

Jumatano

Metadata tu. Sina la kusifia. Seti moja jinsia ni herufi moja, nyingine neno zima, umri mahali pengine umebandikwa pamoja na jina la safu kwenye seli ile ile mpaka ukate maneno kwa kodi. Nimeandika skripti ndogo inayotoa meza ya safu nne tu kwa kila seti, GSM, umri, jinsia, tishu, na chochote kisichoingia humo nakiacha kwenye faili lake la asili bila kukigusa.

Ijumaa

Kupakua. Kwenye GEO kuna njia mbili na zina maana tofauti kabisa. Ya kwanza ni faili la series_matrix, namba zimeshasafishwa na waliopima, unapakua unaanza kazi. Ya pili ni IDAT, faili ghafi mbili kwa kila sampuli, moja ya rangi nyekundu na moja ya kijani, hapo unasafisha mwenyewe. Ukipata IDAT chukua IDAT. Sio kwamba waliosafisha ni wabaya, ni kwamba kila kundi limesafisha kivyake, alafu ukiweka seti mbili pamoja unaanza kulinganisha usafi badala ya watu.

Kitu kingine cha IDAT ambacho watu hawakisemi: jina la faili lenyewe lina namba ya slaidi na mahali sampuli ilipokaa, R01C01 mpaka R06C02. Slaidi ya 450K inabeba sampuli 12, ya EPIC 8. Kwahiyo hata kama waliopandisha data hawakuandika popote nani alipimwa na nani, wewe unaijua bachi, yaani sampuli zipi zilipimwa pamoja, kwa kusoma majina ya faili tu. Nimeivuta hiyo namba nikaiweka safu ya tano kwenye meza yangu.

RAM ndo kizuizi. Vipimo 485,577 mara watu 656 ni namba kama milioni 318, kila moja baiti 8, hiyo ni GB 2.5 kabla hujafanya chochote, na R inapenda kunakili vitu nyuma ya mgongo wako, unaomba kitu kidogo tu kumbe ameshatengeneza nakala ya pili na laptopu imeanza kupumua kwa nguvu. Nafanya kwa mafungu ya kromosomu, matokeo naandika kwenye diski, nafuta, naendelea. Inachelewa ila haianguki.

Kuhusu namba yenyewe: beta ni mwanga wa wenye methili ukigawanywa kwa jumla ya wenye methili na wasio nayo, unaongeza 100 chini ili isiyumbe mwanga ukiwa hafifu. Inakaa kati ya 0 na 1. Kuna na thamani ya M ambayo ni logi ya uwiano wa wenye methili kwa wasio nayo, hii inafaa zaidi kwenye regresheni (hesabu ya kuona kitu kimoja kinavobadilika na kingine) sababu beta zikikaribia 0 au 1 mtawanyiko wake unabanwa. Nafanya hesabu kwa M, naonesha watu kwa beta. Hakuna binadamu anaelewa kitu ukimwambia M imeshuka 0.3.

Jumamosi

Usafi wa vipimo vyenyewe. Chipu ya 450K ina kemia mbili kwenye slaidi moja, aina ya kwanza kama 135,000 na ya pili kama 350,000, na mtawanyiko wa beta zao haufanani, aina ya pili imebanwa kidogo pembeni. Ukizichanganya bila kusawazisha utaona tofauti kati ya CpG na CpG ambazo ni za kemia. Nimetumia noob ya minfi, kifurushi cha R, kusafisha mwanga wa nyuma alafu njia ya BMIQ kuzileta aina mbili pamoja.

Alafu kutupa. Natupa vipimo ambavyo mwanga wake haujapishana na kelele. Natupa vile vinavyonata sehemu zaidi ya moja ya jenomu, orodha ya Chen na wenzake ya 2013 ina 29,233. Natupa vyenye tofauti ya kijenetiki inayojulikana pale pale kwenye CpG au jirani yake, maana hapo kama mtu hana C kabisa chipu itasema hana methili, wakati kilichokosekana ni herufi yenyewe. Hii ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavodhani. Tofauti za kijenetiki hazijasambaa sawa duniani, kwahiyo orodha iliyotengenezwa kwa kuangalia watu wa asili moja inapitisha takataka ukiipeleka kwa watu wa asili nyingine, na data za methilesheni za bure nyingi ni za watu wenye asili ya Ulaya. Mwenye kutaka kufanya hii kazi kwa Waafrika aanzie hapo, asianzie kwenye saa za umri.

Jumatatu

Ukaguzi wa utambulisho, sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Jinsia kwanza. Mwanamke ana X mbili na moja imezimwa, na kuzimwa huko kunaendana na methilesheni kwenye visiwa vya CpG, yaani sehemu zenye CpG zilizosongamana, kwahiyo beta nyingi za X kwake zinakaa katikati, karibu 0.5, wakati kwa mwanaume visiwa hivo hivo viko chini. Alafu mwanaume ana mwanga wa Y, mwanamke hana. Ukichora grafu ya X dhidi ya Y unapata mawingu mawili yaliyoachana vizuri kabisa. Sasa angalia nani yuko kwenye wingu lisilo lake. Kwenye seti mojawapo niliyoijaribu kabla ya kuchagua hizi tatu, nimekuta sampuli zilizoandikwa mwanamke ziko katikati ya wanaume na wanaume kwa wanawake, tena kwa jozi jozi, yaani harufu ya mirija iliyobadilishana nafasi. Hiyo seti nimeiweka kando. Kama jinsia imehama, umri nao umehama, na hakuna takwimu ya kukuokoa.

Sasa zile 65. Hizi ni vipimo vinavyoanza na rs badala ya cg, zinasoma tofauti za kijenetiki za kawaida, na kila moja inatoa makundi matatu tu, karibu 0, karibu 0.5, karibu 1. Mtu mmoja akipimwa mara mbili zote 65 zinalingana. Watu wawili tofauti hazilingani, labda wawe mapacha wa kufanana. Maana yake unaweza kukagua kama seti mbili "tofauti" zina watu wale wale. Na hutokea, kundi moja linaandika makala mbili, sampuli zinapandishwa mara mbili kwa GSE mbili, wewe unakuja unasema matokeo yamejirudia kwenye seti huru. Yamejirudia vipi na ni damu ile ile? Kwa hizi tatu zangu, pale rs zilipokuwepo, sijaona mtu aliyejirudia, naendelea.

Nguvu ya hizi 65 ndo pia sababu watu wa faragha wanaziogopa. GDC wanaotunza data za TCGA, mradi wa Marekani wa saratani, wanazifunika kabisa kwenye faili za mwanga zilizo wazi. Naona wako sahihi.

Jumanne

Regresheni ya kwanza, ya kijinga makusudi: M kwa umri na jinsia, basi. Kizingiti nimeweka 0.05 kugawa kwa idadi ya vipimo, kama 1 kwa milioni 10.

Kinara ni cg16867657 kwenye jeni ya ELOVL2, kama ilivotarajiwa, kila aliyewahi kufanya hii kazi anamkuta huyu kwanza. Vijana wako karibu na katikati, wazee wanapanda kuelekea juu, mstari umenyooka mpaka unapendeza. Jeni ya FHL2 ipo nyuma yake. Kwenye GSE87571 mambo ni yale yale.

Shida ni msururu ulio nyuma yao. Maelfu kwa maelfu ya CpG zimepita kizingiti. Na mabadiliko mengi ni madogo, beta 0.01, 0.02 kati ya kijana na mzee. Ukiwa na haraka unaandika "umri unagusa maelfu ya jeni" unaenda kulala. Mi hapa ndo nimefika kwenye swali langu.

Jumatano hadi Ijumaa

Nimekaa na hii siku kadhaa kwahiyo naandika kwa urefu.

CpG moja, kwenye nakala moja ya DNA, ina methili au haina. Hakuna nusu. Kwahiyo chipu ikikwambia beta 0.6 haisemi "hii CpG imebandikwa kidogo", inasema asilimia kama 60 za nakala zilizokuwemo kwenye mrija zilikuwa na bandiko. Mrija wa damu una neutrofili, monosaiti, seli B, seli T za CD4 na za CD8, seli NK na wengine wachache. Kila aina ina mpangilio wake wa mabandiko, na ndo sehemu ya kinachoifanya iwe aina hiyo. Unasikiliza kwaya nzima alafu unataka kujua mwimbaji mmoja kabadilisha sauti.

Chukua mfano wa hesabu. CpG fulani ni 0.1 kwenye neutrofili na 0.9 kwenye limfosaiti. Mtu ana neutrofili asilimia 60, limfosaiti 40, beta yake ni 0.06 jumlisha 0.36, sawa na 0.42. Mwingine ana neutrofili 65 na limfosaiti 35, beta yake 0.38. Tofauti ya 0.04, na hakuna seli hata moja iliyobadilisha chochote! Neutrofili kutoka 60 kwenda 65 ni kitu ambacho kinaweza kutokea kwa mtu kuwa na mafua. Alafu kumbuka msururu wangu wa jana ulikuwa na tofauti za 0.01 na 0.02.

Na umri unahamisha mchanganyiko, hili halina ubishi. Tezi ya thaimasi inasinyaa, seli T changa ambazo hazijawahi kukutana na adui zinapungua, hasa za CD8, upande wa limfosaiti unapungua ukilinganisha na wa neutrofili. Andrew Jaffe na Rafael Irizarry walilionesha hili 2014 kwa kutumia data za umma, kwamba sehemu kubwa ya kilichokuwa kinaitwa athari ya umri kwenye damu kimejichanganya na uwiano wa seli.

Njia ya kutoka ni ya Houseman na wenzake, 2012: pima kwanza seli zilizotenganishwa, tafuta CpG zinazotofautisha aina moja na nyingine, alafu kwa kila mrija wa damu kadiria ni mchanganyiko gani unaoweza kutoa beta hizo. Rejea maarufu ya 450K ni ya Reinius, GSE35069, na hapa watu huwa wanashtuka: ni wanaume 6 wenye afya. Sita. Nusu ya makala za damu za 450K zimeegemea mabega ya hao jamaa. Inafanya kazi kwa sababu tofauti kati ya neutrofili na seli B ni kubwa sana kuliko tofauti kati ya mtu na mtu, lakini ni vizuri kujua umeegemea nini.

Kwa seti zenye IDAT nimetumia njia ya minfi, inataka data ghafi sababu inasawazisha rejea na sampuli zako pamoja. Kwa iliyo na beta tu nimetumia EpiDISH, kifurushi kingine cha R, ambayo haihitaji IDAT. Kwenye seti ambayo njia zote mbili zinawezekana nimelinganisha makadirio, neutrofili na monosaiti zinakubaliana vizuri, CD4 na CD8 zinagombania nafasi, ukiongeza moja nyingine inapungua.

Alafu nimerudia regresheni nikiwa na uwiano wa seli ndani. Msururu umekatika vibaya sana. ELOVL2 hajatikisika hata kidogo, FHL2 yupo. Zilizoanguka nimezichukua nikaangalia beta zake kwenye seli zilizotenganishwa za GSE35069, na picha ni ile ile kwa nyingi: juu kwenye limfosaiti chini kwenye neutrofili, au kinyume chake. Zilizobaki, nyingi zinafanana kwenye aina zote za seli. ELOVL2 ndo mfano mzuri, yuko katikati kila mahali, hana upande.

Huu ukaguzi wa mwisho naushauri kwa yeyote, tena hauhitaji regresheni wala kizingiti. Una CpG unayoipenda? Kabla ya kuandika lolote fungua seli zilizotenganishwa uone kama ina upande. Dakika mbili.

Jumapili

Sijamalizana na seli. Rejea ya Reinius inaweka CD8 zote kapu moja, lakini kinachobadilika na umri ni ndani ya kapu hilo, changa zinapungua na zenye kumbukumbu zinaongezeka. Kwahiyo regresheni inayosema "nimeshaondoa CD8" imeondoa idadi, haijaondoa mhamo wa ndani. Kuna rejea ya aina 12 za seli iliyotoka 2022 kwa ajili ya EPIC, inatenganisha changa na zenye kumbukumbu kwa CD4, CD8 na B, na EpiDISH wameiweka na toleo la 450K. Nimeiendesha. CpG nyingine zimedondoka, na kati yao zipo ambazo ningeziapia kwamba ni za umri mtupu.

Je nikipata rejea ya aina 30 zitadondoka nyingine? Pengine. Kwahiyo kwenye meza ya mwisho sitaandika "za kweli" na "za uongo", nitaandika zilistahimili rejea ipi.

Jumanne

GSE42861 sasa, sababu yangu ya kuichukua. Nilitaka seti ambayo najua mchanganyiko wa seli umehama kwa sababu isiyo ya umri, nione kama mtambo wangu unaona. Wagonjwa wa baridi yabisi wana uvimbe mwilini na dawa za ugonjwa huo nyingi zinagusa seli za kinga. Liu na wenzake waliochapisha data hizi 2013 walilijua hilo na walisahihisha seli wenyewe. Nimeendesha bila kusahihisha: sehemu kubwa ya chipu inaonekana "inahusiana na ugonjwa", grafu ya thamani za p (uwezekano wa matokeo kuwa bahati tu) imeondoka ardhini tangu mwanzo. Nikaweka seli ndani, ikatulia.

Na wavutaji sigara wamenipa kipimo cha upande wa pili, yaani kitu ambacho kinatakiwa KISIDONDOKE. cg05575921 kwenye jeni ya AHRR, wasiovuta wako 0.8 na kitu, wavutaji wanashuka, wengine hata chini ya 0.6, na walioacha wako katikati wanarudi taratibu. Kuvuta pia kunapandisha neutrofili, kwahiyo mtu angeweza kusema ni mchanganyiko tu. Weka seli ndani, AHRR bado yupo pale pale, na cg03636183 ya jeni ya F2RL3 nayo ipo. Shimo la ukubwa ule haliwezi kuelezwa na neutrofili kuongezeka kidogo. Joehanes na wenzake 2016 walikusanya watu 15,907 wa makundi 16 na huyu ndo alikuwa kati ya vinara.

Pembeni kidogo: AHRR ni kipimo kizuri cha uvutaji kuliko dodoso. Ukipata seti isiyo na taarifa za sigara angalia hiyo CpG moja, utajua una wavutaji wangapi hivi, na wale walioandika "sijawahi" alafu wana 0.5 utawaona.

Alhamisi

Bachi. Ile safu ya tano. Kwenye seti moja nimekuta umri na slaidi vimejiegemeza, slaidi za mwanzo zina wazee wengi za mwisho vijana. Sio kwa wote, ila inaonekana. ComBat, njia ya kuondoa athari za bachi, inapendwa sana hapa na mi sijaitumia kwa makusudi, kwa sababu ukiiambia "ondoa slaidi lakini linda umri" wakati vimefungamana, inaweza kutengeneza tofauti safi kuliko zilivokuwepo kwenye data. Nimeweka slaidi kama athari ya nasibu (tofauti ya bahati kati ya slaidi na slaidi) ndani ya modeli na nikakubali nguvu ipungue. Zaidi ya hapo, ulinzi wa kweli ni ile seti ya pili: bachi ya maabara moja haiwezi kujirudia kwenye maabara nyingine kwa mwelekeo ule ule.

Jumamosi

Nimechungulia TCGA kwa sababu mtu kaniuliza kama haya yote ni ya damu tu. Sio. TCGA ilianza 2006, ina aina 33 za saratani na wagonjwa zaidi ya 11,000, unaipata kwenye GDC na beta zimeshapitishwa kwenye SeSAMe, programu ya kusafisha data za chipu, hakuna kibali. Angalia msimbo wa sampuli, 01 ni uvimbe wenyewe, 11 ni tishu ya kawaida ya jirani. Nimechukua saratani ya utumbo mpana na kisiwa cha MLH1, ambacho kikibandikwa jeni ya kurekebisha makosa ya DNA inazimwa. Kundi moja la vivimbe liko juu, mengine yote chini, tishu za kawaida chini.

Lakini angalia hao walio juu: hawafiki 1, wametawanyika. Kipande cha uvimbe kina seli za saratani, seli za kinga zilizovamia, mishipa, nyuzi. Uvimbe wenye beta 0.5 na mwenye 0.8 wanaweza kuwa wamebandikwa sawa kabisa, tofauti ni kiasi cha seli za saratani kwenye kipande. Ukipanga wagonjwa kwa beta bila kuweka usafi wa uvimbe ndani ya modeli unawapanga kwa jinsi daktari alivokata.

Angalizo dogo kwa atakayejaribu: GDC wako toleo la jenomu la hg38, faili la maelezo la 450K ni hg19 ya zamani. Unganisha kwa majina ya cg, usiunganishe kwa mahali kwenye kromosomu. Jina la cg linatokana na mfuatano wenyewe unaoizunguka CpG kwahiyo halihami toleo la jenomu likibadilika.

Jumatatu

Hali ilivo saivi. Meza ina safu hizi: cg, mwelekeo na umri kwenye GSE40279, mwelekeo kwenye GSE87571, imestahimili rejea ya seli 6, imestahimili ya 12, ina upande kwenye seli zilizotenganishwa au haina. Naiweka wazi pamoja na skripti zote na orodha ya vipimo nilivotupa, na kwa kila nilichotupa sababu yake imeandikwa.

Hatua inayofuata ni EPIC, ambayo imebeba zaidi ya asilimia 90 ya 450K kwahiyo meza itahamia bila shida. EPIC toleo la 2 ndo nimeiweka kiporo, majina yake yameongezewa mkia, mfano _TC21 nyuma ya cg, na CpG nyingine zina vipimo zaidi ya kimoja, ukiunganisha kama ulivozoea unapata meza tupu na hakuna ujumbe wa kosa. Nishaandika kipande cha kodi cha kukata mikia, vya kujirudia nachukua wastani kwanza, alafu nitaangalia kama vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe kabla sijaamua wastani ndo ubaki.